Makopo ya Ubongo

Nyinyi wajukuu, na watoto wa wajukuu mkijaliwa, kaeni chini msome. Sikuandika ili mnipende. Nimeishia darasa la nne, na mwandiko wangu mnaujua, unayumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Lakini kila mkija likizo naona mabegi yenu yamejaa makopo. Kopo la nywele, kopo la nguvu, kopo la kupunguza tumbo ambalo hata halijatoka. Mwaka huu mmoja wenu, simtaji, anajijua, ameniletea na mimi. "Bibi, hii ni ya kumbukumbu." Kumbukumbu yangu haina shida, na ndiyo maana naandika. Nitawaambia yaliyompata babu yenu, halafu mtaamua wenyewe kama mtaniletea tena.

Babu yenu ndiye aliyekuwa msemaji wa ngitili. Nyie wa mjini mnapita pale na simu zenu mnadhani ni pori la watu wavivu. Ngitili ni malisho tunayoyafunga mvua zikianza, ng'ombe asiingie, majani yakue mpaka yakauke yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikaza, mbuga nzima ikiwa vumbi, ndipo tunafungua, wanaanza kuingia ndama na maksai na wanaonyonyesha. Ya kwetu pale Samuye ni ya ukoo mzima, na tangu baba yake afariki, neno la kufungua lilikuwa la babu yenu. Hakuwa na kalenda. Alikuwa anakwenda asubuhi, anakata bua moja, analitafuna, anatema, anasema, "Bado." Kuna miaka mifugo ilikuwa mbavu nje, wadogo zake wanamnung'unikia pembeni, na yeye anasema bado. Hakuna aliyethubutu kuingiza hata mbuzi. Na kila mwaka ng'ombe wa wengine walikufa, wetu wakavuka.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule mvua zilikuwa zimeanza vizuri, mahindi yamefika magotini, majani yako kila mahali mpaka mlangoni kwa kuku. Nilikuwa napalilia. Nikasikia kengele za ng'ombe zinalia upande ambao hazitakiwi kulia. Nikaacha jembe nikaenda. Nikamkuta babu yenu amesimama kwenye mwanya wa uzio wa miiba, fimbo begani, na kundi zima limo ndani linakanyaga machipukizi.

Nikamwambia, "Baba watoto, unafanya nini?"

"Nimefungua. Kiangazi cha mwaka huu kimezidi."

Na miguu yake ina tope mpaka kwenye vifundo.

Mdogo wake akaja mbio, shati wazi. "Kaka! Kaka, si mvua inanyesha?"

"Nani kakwambia hainyeshi?" babu yenu akamjibu kwa hasira, kisha akatazama mbingu, akatazama miguu yake, na nikaona uso wake unabadilika. Alijua. Hicho ndicho kilichoniuma. Angekuwa hajui ingekuwa afadhali.

Wakakaa kikao, wanaume, wakamwambia apumzike. Neno la ngitili akapewa mdogo wake. Mzee wa Kisukuma ukimwambia apumzike umemzika huku anakutazama. Alirudi nyumbani hakula. Akawa anakaa nje ya zizi asubuhi anataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama yake, na akikwama anarudia mwanzo, kama mtoto anayejifunza sala. Siku moja akaniambia, "Kichwa changu kimekuwa kihenge chenye panya. Naweka, nikirudi sikuti." Nikampelekea uji.

Ndipo akatokea mkwe wangu. Ni mke wa mwanangu wa tatu, yule anayenunua dhahabu kwa wachimbaji huko Katoro. Mwanamke mchapakazi, simnyimi haki yake, lakini ana tabia ya kuamini mtu yeyote aliyevaa tai. Alikuwa amejiunga na watu wa dawa lishe. Huko Katoro wamejaa kama nzi kwenye mtindi. Mchimbaji akitoka shimoni anaumwa kifua, wanamngoja na kopo. Mkwe akasikia habari ya babu yenu, akaja na makopo yake, na akaja na mtu aliyemwita mshauri wa afya.

Mshauri alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha. Akasalimia vizuri, "Shikamoo bibi," nikaitikia, adabu haina ugomvi. Akafungua kompyuta yake mezani kwangu, akachomoa kitu cha chuma kama mpini wa kisu, kina waya. Majirani wakajaa sebuleni, maana kwetu kitu chenye waya hakiangaliwi na watu wachache.

"Hiki kipimo," akasema, "kinasoma viungo vyote mwilini bila kutoa tone la damu. Mzee, shika hapa. Kaza."

Babu yenu akakaza mpaka mishipa ikamtoka. Kompyuta ikacheza rangi. Mshauri akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyeletewa msiba.

"Ubongo wa mzee umejaa sumu."

"Sumu?" mtu mmoja akauliza kutoka mlangoni.

"Sumu nyingi. Imeingia kidogokidogo, miaka mingi, kupitia chakula."

Wote waliokuwa mle ndani wakageuka wakanitazama mikono. Mimi ndiye niliyempikia miaka yote hiyo. Nyinyi mnajua vikongwe wa huku kwetu walioitwa wachawi walifanywa nini kwa maneno madogo kuliko hayo, na kama hamjui, waulizeni mama zenu, msinipe mimi kazi ya kusimulia. Kijana yule alikuwa anauza makopo. Hakujua anaweka kisu shingoni mwangu, na hakuuliza.

Nikasogea mbele. "Nipe na mimi nishike."

"Karibu bibi, ni bure kabisa."

Nikashika. Rangi zikacheza tena. Akasoma, "Bibi, moyo si mbaya. Ini limechoka. Magoti… magoti yana shida. Na tezi dume imeanza kuvimba, hiyo tuiwahi mapema."

Halafu jirani yangu, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akapiga kelele, "Mayu wee! Miaka yote tunaoga nawe bwawani, mbona hukutuonyesha!" Nyumba ikavunjika kwa kicheko. Mwingine akaanguka na kigoda chake. Mkwe wangu akajifunika uso kwa kanga. Mshauri akabonyeza bonyeza, akasema alisahau kubadilisha kitu fulani, mashine bado ilidhani ni mzee.

"Basi mashine yako nayo inahitaji kopo la kumbukumbu," nikamwambia.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini katika watu wote mle ndani kulikuwa na mmoja ambaye hakucheka. Babu yenu alikuwa bado amekaa mbele, mikono magotini, anamtazama yule kijana kama mtu aliyepotea anavyomtazama mwenye tochi.

"Na mimi," akauliza taratibu, "nitakumbuka?"

"Mzee, utakumbuka mpaka maziwa uliyonyonya."

"Nitajua kiangazi na masika?"

"Mzee wangu, watarudi wenyewe kukuomba ushauri."

Nikajua hapo nimeshindwa. Unaweza kumcheka muuzaji mbele ya watu mia, lakini mtu mwenye hofu hacheki pamoja nawe. Ana swali lake moja, na atamfuata yeyote anayemjibu ndiyo.

Mshauri akaona juu ya kabati vidonge vya presha, vya kliniki, ambavyo babu yenu alikuwa anameza asubuhi. Akavichukua, akavigeuza, akakunja pua. "Hizi kemikali ndizo zinazokausha ubongo. Mzee, ziweke pembeni kwanza, usichanganye. Ipe dawa lishe nafasi ifanye kazi."

Nikasema, "Vidonge hivyo vimetoka hospitali."

"Bibi, hospitali wanatibu ugonjwa. Sisi tunajenga mwili."

Nikamgeukia mkwe wangu. "Na wewe unasemaje?"

Akasema, "Mama, mama yangu mzazi alikufa hanijui. Alikuwa ananiita dada. Wakati huo hizi dawa hazikuwepo. Baba asifike huko." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na yalikuwa ya kweli. Nimewaambia simnyimi haki yake. Lakini machozi ya kweli yamewahi kumwua mtu.

Basi babu yenu akaanza makopo. Vidonge vikubwa kama punje za mahindi, rangi ya kinyesi cha mbuzi, vinanuka majani yaliyooza na samaki. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na unga fulani wa kukoroga ambao aliunywa amefumba macho. Vya presha akaviacha. Hakuviacha kwa siri, aliviacha mbele ya macho yangu. Mimi nikawa naviweka pembeni ya sahani yake ya ugali kila asubuhi, na yeye anasukuma sahani.

"Meza," namwambia.

"Sitaki."

"Presha yako nani ataishusha?"

"Wewe unataka niishi, hata nikiwa mjinga. Mimi sitaki kuishi nikiwa mjinga. Niache."

Tukagombana ugomvi ambao hatukuwahi kugombana tangu ujana wetu, hata wakati ule alipotaka kuoa mwingine. Nilimwita mzee mpumbavu. Aliniambia nafurahi anavyosahau kwa sababu sasa mimi ndiye ninayeamuru. Na majirani wakisikia kelele, wengine walishaanza kusema, si mnaona, bibi hataki apone. Lile neno la sumu halikuwa limelala.

Kwa muda, kweli alichangamka. Sitawadanganya. Mkwe alikuwa anampigia simu kila asubuhi: "Baba, umeamkaje? Umemeza? Leo unakumbuka nini?" Naye anamhesabia ng'ombe, anamsimulia habari za zamani, anacheka. Alinyoa ndevu. Alitembea mpaka kwenye uzio wa ngitili akatafuna bua, akarudi akasema, "Bado," na ilikuwa kweli bado. Mkwe akalia kwa furaha kwenye simu, akasema anakwenda kushuhudia kwenye semina yao. Mimi nikasema moyoni, mtu anayeulizwa kila asubuhi ameamkaje lazima achangamke. Hata mbwa ukimsemesha anatikisa mkia.

Asubuhi moja tulikuwa zizini. Kijana wa kukamua alikuwa ameinama chini ya ng'ombe mweusi, babu yenu ameshika kamba ya ndama, mimi nasubiri maziwa. Nikaona kamba inateleza. Nikasema, "Shika, ndama anakwenda." Hakushika. Ndama akaenda kwa mama yake, akaanza kunyonya, maziwa ya siku hiyo yakaisha. Nikamgeukia nimkaripie, nikaona mdomo wake umeshuka upande mmoja kama mlango uliong'oka bawaba. Alikuwa ananitazama. Alijaribu kusema kitu, kikatoka kama maji ya kisimani, glu glu glu. Halafu magoti yakamwisha.

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka mjini Shinyanga, kichwa chake mapajani mwangu, na dereva anasema bibi mshike vizuri kuna mashimo, kama vile mimi nilikuwa nimemwachia. Hospitali wakampima presha, nesi akatazama kipimo, akapima tena mkono mwingine, akamwita daktari bila kuniambia kitu. Nilijua. Mtu akipima mara mbili hajafurahi.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mama zenu. Akauliza, "Bibi, mzee alikuwa anatumia dawa za presha?"

"Alikuwa."

"Ameacha lini?"

"Tangu alipoletewa hizi." Nilikuwa nimekuja na kopo kwenye kikapu. Nikaliweka kitandani.

Akaligeuza, akasoma pande zote, akarudisha. Hakutukana mtu. Akasema, "Bibi, hiki ni kiharusi. Mshipa wa kichwani umeziba, na presha iliyopanda hivi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Presha ikiachwa inaharibu ubongo, hata kusahau kunaongezeka."

"Na hizi za kwenye kopo?"

"Mtu akipungukiwa na vitamini fulani anaweza kusahau, na akipewa anapata nafuu. Lakini hiyo tunaijua kwa kupima damu, na tunampa anachopungukiwa. Tutampima na mzee. Kidonge cha kumrudishia mzee ubongo wa ujana, mimi sijakiona. Ningekiona ningempa bibi yangu."

Walimpima. Hakuwa amepungukiwa na kitu. Alikuwa amekula samli, maziwa, mboga kavu ya nsansa na karanga za mikono yangu. Nilitamani majirani wote waliotazama mikono yangu waitwe wodini wasikie.

Mkwe akafika kesho yake kutoka Katoro, amevimba macho. Na kwenye mkoba, msiniambie namsingizia, alikuwa na kopo jipya. La mishipa. Mshauri alimwambia kwenye simu kwamba mzee anapitia hatua ya sumu kutoka, asikate tamaa, aongeze. Akachukua kijiko cha nesi akaanza kukoroga unga kwenye kikombe, huku babu yenu hata mate yake mwenyewe yanampalia.

Nikamshika mkono.

"Mama, kidogo tu. Nitamnywesha mimi."

"Weka chini."

"Mama, mimi nampenda baba!"

"Na mimi nilikuwa nalala naye kwa ajili ya nini, kumlinda na mbu? Weka chini hicho kikombe."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Akaweka chini. Nikaumwaga unga ule kwenye beseni la matapishi la kitanda cha jirani, mwenyewe akaniambia, "Wabeja, asante bibi, hata beseni langu lilikuwa halinuki vizuri."

Babu yenu hakufa. Tulirudi naye nyumbani. Mkono wa kushoto umelala mpaka leo, na mdomo umerudi kiasi. Lakini kile alichokuwa anakikimbia ndicho kilichomshika kwa nguvu. Ng'ombe hawataji tena. Anakaa pale nje, ndama wakipita anawatazama kama wageni. Kuna siku ananiita mayu, yaani mama yake, ananiomba ruhusa akachunge. Nampa ruhusa. Anatulia. Mnaoniona mkali mnadhani sina moyo. Mimi niliyempa mume wangu ruhusa ya kwenda kuchunga ng'ombe wa marehemu baba yake. Asubuhi nasaga kidonge cha presha, naweka kwenye uji, anameza, na hajui tuligombana.

Je, asingeacha vidonge, asingesahau? Angesahau. Daktari aliniambia wazi, kusahau kulikuwa kumeshaanza, na kungeendelea. Lakini pengine angekwenda nako taratibu, akiwa na mikono yake yote miwili na mdomo wake wa kunijibu. Pengine angeng'ang'ana na wale ng'ombe wake miaka kadhaa pale zizini, leo kumi, kesho tisa. Hiyo miaka ndiyo iliyouzwa kwenye kopo.

Mwanangu alikuja na mkewe, nikaita nyumba nzima, shemeji yangu, yule mdogo wa babu yenu, naye akawepo. Mwanangu akaanza hotuba. "Mama, mke wangu alikuwa na nia njema."

"Nia njema haishushi presha."

"Na yule mshauri alimdanganya hata yeye. Na yeye alikuwa anazimeza."

"Yeye ana miaka thelathini, ameze hata misumari. Baba yako alikuwa mgonjwa."

Mkwe alikuwa ameinama, anachora sakafu kwa kidole. Akasema, "Mama, nimeacha ile kazi. Nimewarudishia makopo yao. Nifukuze ukitaka, nimestahili."

Shemeji yangu akadakia, "Hapo umesema. Aende kwao kwanza, akafundishwe."

Nikamnyamazisha. Kumfukuza ni rahisi sana. Angekwenda kwao akalia wiki mbili, wakamchinjia kuku, akarudi amenona. Na hapa nyumbani nani angemwinua yule mzee?

Nikawaambia wote: nyumba hii haiingii kopo, wala unga, wala majani ya mganga, wala kidonge cha mtu wa tai wala cha mtu wa kanzu, mpaka daktari aliyempima mzee akione kwa macho yake. Atakayeleta atalala nje nacho. Halafu nikamgeukia mkwe wangu, nikamwambia, "Inua uso. Kliniki ya mzee ni kila mwezi. Utatoka huko Katoro, utalala hapa, asubuhi utamwogesha na kumvalisha, utampandisha gari, utakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Siyo mume wako, wewe. Na daktari akiuliza ni nani alimwachisha dawa, usinitafute mimi kwa macho. Mjibu."